Kutoka Mkwaju Hadi Mgunga Pacha

Bariadi,
6 Novemba 1994

Mama Gloria,

Mwadila mayu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lingeka, wewe na shemeji yangu Mashimba na watoto wake. Mimi ni mzima. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, si ya kulimia bado, ni ya kutuliza vumbi tu. Paa la jiko linavuja palepale pa zamani. Nimeweka chini yake sufuria yako ya kupikia michembe ya viazi vikavu, na nikikaa barazani nasikia matone yanavyodondoka humo ndani.

Nakuandikia kukujulisha kwamba nimeamua kupumzika udiwani. Miaka sita inatosha. Mtu aliyefundisha shule miaka ishirini na tisa, kisha akaiongoza kata, ana haki ya kukaa na kusoma magazeti yake. Na kwa kuwa huu ulikuwa uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi, si vibaya vijana nao wakapata nafasi. Katika nchi zilizoanza mambo haya zamani ni jambo la kawaida: mmoja anatoka, mwingine anaingia, wanapeana mikono, kila mtu anakwenda kunywa chai. Ipo namna yake ya kufanya. Nitakueleza siku nyingine.

Mwezi wa tatu uliniambia unakwenda kumsaidia kaka yako wiki mbili, maana amefiwa na mke na watoto ni wadogo. Sasa ni miezi minane. Sikulaumu. Nauliza tu, kama mtu anavyoweza kuuliza.

Asubuhi bado natoa vikombe viwili. Kimoja nakirudisha kabatini.

Barua hii ninampa Novatus, dereva wa lori la pamba. Siku hizi wanunuzi binafsi wanatuma malori yao mpaka huko kwenu, kwa hiyo posta tunaye.

Ni mimi mumeo,
Januarius

*

Lingeka, Meatu,
15 Novemba 1994

Baba Gloria,

Salamu nimezipokea.

Umeamua kupumzika? Novatus hata kabla hajazima lori lake alinipigia kelele toka dirishani, "Mama, pole! Mzee kaangushwa kwa kura sitini na moja!" Watu wote kwenye mizani ya pamba wakageuka kunitazama. Akasema aliyekuangusha ni Method Masunga. Yule yule Method aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto, ukamfunga kitambaa mkono huo muhula mzima.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwenye darasa la watu wazima, mimi nikiwa na Gloria mgongoni. Ulikuwa ukisema mtu akijua herufi hadanganyiki tena. Sasa mbona unanijaribu kwa herufi zilezile?

Kaka hajambo. Ng'ombe waliobaki ni wale kumi na wawili. Zizi kubwa limekaa bure, na kwa mvua hizi chache limeota majani ndani, mazuri, marefu, kwa sababu ya mbolea. Kila asubuhi kaka anasimama kwenye lango la zizi anayatazama.

Unauliza nitarudi lini. Kwani wewe unajua niliondoka kwa nini?

Funika sufuria yangu. Ukiacha maji yakae humo itatoboka.

Milembe

*

Bariadi,
24 Novemba 1994

Mama Gloria,

Ni kweli, niliangushwa. Kura sitini na moja, Novatus hakukosea. Niliandika "nimeamua" kwa sababu nilitaka kuona neno hilo linakaaje kwenye karatasi. Halikukaa vizuri. Nisamehe.

Sufuria nimeifunika.

Sasa nikuambie kilichotokea Jumapili, baada ya misa. Nimekaa barazani, mara hodi. Ni Method. Amesimama nje ya baraza kama mtu aliyechelewa kuingia darasani.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, Mheshimiwa diwani."

Akacheka kwa aibu. "Usiniite hivyo, Mwalimu. Nitageuka nyuma nione nani kaingia."

Nilimpa kiti. Alikaa ukingoni. Akasema muhuri na mafaili yako kwa mtendaji wa kata, hayo hayamsumbui. "Nimekuja kwa ajili ya ngitili," akasema. "Kwenye kampeni niliwaambia watu ng'ombe hawali kanuni. Wakapiga makofi, wakatunga na wimbo. Sasa wananijia nyumbani, huyu anataka nifungue, huyu anataka nifunge, na mimi Mwalimu, nikisema kweli, hata mpaka wenyewe siujui unaanzia wapi."

Nikamuuliza, "Na hukujua hilo ulipokuwa ukiimba?"

"Nilijua. Lakini hakuna aliyeniuliza."

Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa nilijitahidi asione.

Unajua, ngitili ni ile hifadhi ya majani tunayoifunga mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe hata mmoja, ili kiangazi kikikaza wapate cha kula walio dhaifu na wenye ndama. Yetu haina waya wala uzio. Mpaka wake ni miti, na miti hiyo tuliipaka chokaa mwaka 1989 tulipoianzisha. Tangu hapo hatukuirudia, na mvua imeiosha. Wazee wawili niliotembea nao wamekwisha kufariki. Kwenye faili imeandikwa "kama ulivyotembelewa na kukubaliwa", maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe nikiona ni maneno ya kiofisi mazuri. Leo nayaona hayafai kitu. Mpaka umo kichwani mwangu tu.

Salu, mwenyekiti wa tawi letu la chama, amekwisha kunijia. "Mwache ahangaike," anasema. "Agombane na wafugaji mwaka mmoja tu, wewe mwenyewe utaona. Watakuja kukubeba kwenye kiti." Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Nakiri yalikuwa matamu.

Lakini mimi nilipoipokea kata kutoka kwa marehemu mzee Nyanda, alinitembeza kila kisima kwa siku nne. Nilikuwa nimemshinda, na hakunipenda hata kidogo. Siku ya nne aliniambia, "Basi, sasa hata ukiharibu utaharibu kitu unachokijua," akaenda zake. Sikupata kumshukuru. Namna pekee iliyobaki ni kumtembeza Method.

Tumepanga Jumamosi ya tarehe kumi Desemba, mbele ya watu, kabla ngitili haijafungwa. Kuna sehemu moja ya mpaka inanisumbua kidogo. Pengine nitakueleza.

Gloria ameniletea sato wakavu kutoka Lamadi. Nimewapika mwenyewe, nikatia chumvi mara mbili kwa kusahau. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Wako,
Januarius

*

Lingeka,
2 Desemba 1994

Baba Gloria,

Unanieleza ngitili ni nini? Mimi?

Haya. Umesema kuna sehemu inakusumbua. Usiandike "sehemu". Andika jina la mti.

Milembe

*

Bariadi,
11 Desemba 1994

Mama Gloria,

Mkwaju.

Ulitaka jina la mti, nimeliandika kwanza ili nisipate nafasi ya kulizungukia. Sasa nitakueleza kwa utaratibu, maana jambo hili nimelibeba tangu Februari na sijawahi kulisema kwa sauti mpaka jana.

Unaikumbuka hali ya mwezi ule. Mvua zilikuwa zimekataa, na kaka yako alikuja na ng'ombe arobaini kutoka Lingeka akitafuta majani. Nilimwambia ngitili imefungwa, na hilo silijutii, kwa kuwa ningemfungulia yeye ningewafungulia wote, na kufika Agosti tusingekuwa na hata unyasi mmoja. Alinielewa. Akasema basi atapitisha ng'ombe kwenda mtoni kwa njia ya mifugo.

Njia ile tuliiacha makusudi, kati ya mgunga pacha na mkwaju. Mpaka wa ngitili ni mgunga pacha. Kutoka hapo mpaka kwenye mkwaju ni njia, na majani yake si ya mtu, ni ya mgeni anayepita. Nilisimamia mwenyewe.

Vijana wa sungusungu walipowaleta wale ng'ombe mbele ya mkutano wakisema wamewakamata ndani ya ngitili, niliwauliza waliwakuta wapi hasa. Wakasema hatua mia moja kutoka mkwaju, upande wa kuelekea ngitili. Nikajua papo hapo. Ng'ombe walikuwa njiani. Kaka yako hakuwa na kosa.

Kisha mmoja akauliza, "Diwani, mpaka uko wapi?"

Watu wote walikuwa wananitazama waone kama nitamwachia shemeji yangu. Neno la kweli lilikuwa neno lilelile ambalo mtu mwenye upendeleo angelisema. Nikaliogopa. Nikasema mpaka ni mkwaju. Wakashangilia, wakasema diwani wetu hana ndugu. Wakamtoza shemeji dume, likachinjwa jioni hiyo, na mimi nilipewa nyama ya ubavu nikaila. Yeye akaamriwa kuwarudisha ng'ombe waliobaki kwa njia ya juu, isiyo na maji. Huko ndiko walikoanza kuanguka.

Wewe ulikuwa umekaa upande wa akina mama. Sikuweza kukutazama.

Na tazama jinsi jambo hilo lilivyokwenda. Tangu siku ile, kwa kuwa nilisema mkwaju, njia ya mifugo imemezwa. Kila aliyepita pale alitozwa faini. Wenye ng'ombe wakanichukia, na walikuwa na haki, ingawa hawakujua haki yao iko wapi. Nadhani zile kura sitini na moja zilitoka hapo. Nilidanganya ili nionekane mwadilifu, na uongo huohuo ukaniondoa.

Jana tulitembea. Walikuja watu wengi, kuliko hata waliokuja kwenye mikutano yangu ya kampeni. Tulipofika kwenye mkwaju Method akaugusa, akasema, "Na huu ni mpaka." Nikamwambia, "Hapana. Huo si mpaka. Nilisema hivyo mwezi wa pili, na nilisema uongo." Nikaeleza yote kama nilivyokueleza wewe hapa. Kisha tukaendelea na kazi, tukarudi.

Sina zaidi la kusema juu ya siku ile.

Kuna maksai wangu, yule wa kijivu mwenye pembe moja iliyoinama. Ni mzee kidogo lakini anavuta jembe vizuri. Nataka nimpeleke Lingeka kwa mkono wangu. Najua hatawarudisha waliokufa. Nakuomba umsomee shemeji barua hii yote, bila kuruka mstari, kwa kuwa yeye hasomi na mimi sitaki aisikie kwa mtu mwingine. Baada ya hapo akisema nisikanyage kwake, sitakanyaga.

Sikuulizi tena utarudi lini. Nilikuwa nauliza kama mtu asiye na deni.

Januarius

*

Bariadi,
13 Desemba 1994

Kwa Mama Gloria,

Shikamoo Mama. Mimi ni Method Masunga, niliyekuwa mwanafunzi wa Mwalimu, na sasa ndiye diwani. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usistaajabu mwandiko. Mwalimu hajui kama nakuandikia. Nimemwomba Novatus afiche barua hii chini ya ile ya Mwalimu, akanitoza soda.

Najua Mwalimu amekueleza habari za Jumamosi, lakini namjua, atakuwa ameeleza mambo makubwa tu. Ngoja nikuambie yaliyobaki.

Aliposema pale kwenye mkwaju kwamba alidanganya, watu wa nyuma walisogea mbele wasikie. Kisha yule Salu wa chama chake akasema kwa sauti, "Mzee, uchaguzi umekwisha, unajivua nguo kwa faida ya nani?" Baadhi wakacheka. Mwalimu akajibu, "Nakabidhi, Salu. Siwezi kukabidhi kitu kilichopinda nikasema kimenyooka." Mzee mmoja mfugaji akamwambia ana bahati kwamba hana tena cheo cha kuvuliwa. Mwalimu akasema ni kweli, na akamshukuru. Mimi nilitazama chini. Mama, kwenye kampeni nilimwimba vibaya sana mtu huyu.

Basi tukaondoka hapo kwenda kwenye mpaka wa kweli, huo mgunga pacha. Mama, hatukuupata.

Pale pamekatwa. Watu wa mkaa wamepita, visiki vimebaki kama kumi na tano, vingine vimeota machipukizi, vichaka kila mahali. Mwalimu alikwenda kisiki hadi kisiki. Anashika kimoja, anasema ni hiki, kisha anatazama mkwaju, anasema hapana. Vijana wakaanza kunong'ona kwamba mzee ametunga na huo mgunga, hakuna mgunga wowote. Alizunguka mpaka jua likawa kali, fimbo yake ikavunjika. Mwisho akakaa juu ya kisiki kimojawapo akavua kofia. Nilimwendea. Nikamwambia, "Mwalimu, tuchague chochote, watu wakubali, twende nyumbani." Akasema, "Hivyo ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza."

Kisha akasema, kama anaongea peke yake, "Yuko mtu mmoja tu anayeujua. Na huyo siwezi kumwita."

Nikauliza ni nani. Akavaa kofia yake, akainuka. Lakini bibi mmoja akanivuta kando akaniambia, mwaka ule wa 1989 aliyebeba ndoo ya chokaa kichwani, kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho, alikuwa wewe.

Mama, sina haki ya kukuomba kitu. Nasema tu kwamba makabidhiano hayajaisha. Nimewaambia watu ngitili haitafungwa upande ule mpaka mwisho wa mwezi.

Na tena, Mwalimu amekonda. Nilimkuta anakunywa chai. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, nikadhani kimoja ni changu, nikakishika. Akakiondoa taratibu mkononi mwangu, akaniletea bilauri.

Mimi mtoto wako,
Method Masunga

*

Lingeka,
20 Desemba 1994

Baba Gloria,

Barua zako zimefika. Nasema zako, ingawa moja imeandikwa kwa mkono wa kushoto. Usimkaripie. Ulimfunga kitambaa mkono ule na bado unaandika vizuri kuliko wa wengi.

Umesema siku ile ya mkutano hukuweza kunitazama. Si kweli, na nadhani hukumbuki. Ulinitazama. Yule kijana alipouliza mpaka uko wapi, uligeuza kichwa upande wa akina mama, ukanitafuta, ukaniona. Mimi nikaitikia kwa kichwa kukuambia ndiyo, sema, kwa sababu mti ule niliupaka kwa mkono wangu. Ndipo ukageuka ukasema mkwaju.

Ulipokataa kumpa kaka majani nilikuunga mkono, hata yeye mwenyewe alikuunga mkono. Ningeweza kuishi na mtu mkali. Nilichoshindwa ni kukupakulia chakula kila siku, unakula, unanieleza habari za dunia, na mkwaju umekaa katikati yetu kwenye mkeka. Nilingoja wiki mbili ulitaje. Halafu nikasema nakwenda kumsaidia kaka.

Na jambo hili ulijue. Kaka alikuwa hajui. Miezi tisa nimekaa kwenye nyumba yake, namwona anasimama kwenye lango la zizi lenye majani, na sikumwambia kwamba hukumu ile ilikuwa ya uongo. Aliamini alikosea njia yeye mwenyewe. Alikuwa akisema, "Dada, nimezeeka, nimepotea kwenye njia niliyoipita tangu utoto." Ningemwambia kweli, wewe usingekanyaga Meatu tena mpaka kufa. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliyebeba.

Juzi nimemsomea. Yote, bila kuruka mstari, hata ile nyama ya ubavu. Alikuwa ameshika kamba anaisokota. Aliendelea kuisokota mpaka nilipomaliza, akaifunga fundo, akaitazama. Akasema, "Kumbe sikupotea." Akatoka nje. Nikamsikia anawaambia watoto wake, kwa Kisukuma, kwamba baba yao hakupotea njia.

Aliporudi ndani akauliza, "Huyo maksai wake, pembe iliyoinama ni ya kulia au ya kushoto?" Nikamwambia ya kushoto. Akasema, "Basi atafaa kufungwa upande wa kulia wa nira." Hilo ndilo jibu lake, na usitegemee kupata refu zaidi. Na hakusema amekusamehe, nisije nikakudanganya.

Mlete. Njoo naye kwa miguu, kwa njia ileile ya juu, ili uione. Method akitaka kukusindikiza mwache, lakini fimbo ya kuswaga ishike wewe. Fikeni kabla mto haujajaa.

Sasa kuhusu mgunga pacha. Umezunguka visiki mpaka umevunja fimbo, na huko siko. Mimi sikumbuki kisiki, nakumbuka jiwe. Tulipofika pale shingo ilikuwa imeniuma, nikaishusha ndoo vibaya, chokaa ikamwagika juu ya jiwe bapa. Ukanigombeza mbele ya wazee wote wawili. Ukasema, "Milembe, hii ni mali ya shule!" Nikaizoa kwa viganja, na ile iliyozoleka ndiyo niliyoupaka mgunga, nikiwa nimesimama palepale kwenye jiwe. Miti wanaikata. Jiwe hakuna anayelitaka, na mimi pale nilipogombezwa sipasahau.

Sitakuandikia liko upande gani. Ukija na maksai tutarudi wote, na nitalionyesha kwa mguu wangu, mbele yako na ya Method na ya huyo Salu. Uwaambie watafute chokaa. Safari hii ndoo utaibeba wewe.

Kikombe kiache mezani.

Milembe